Mkorofi Ambaye Msomaji Hataki Afe

Karibu kila mswada wa mwandishi chipukizi una mkorofi ndani yake. Anavuta sigara, anatukana, haogopi polisi, na kufikia ukurasa wa tatu ameshamtandika mtu. Mwandishi anampenda kama mwanawe. Msomaji anamwona kero tu, na akifika ukurasa wa kumi anaomba gari limgonge kitabu kiishe.

Tatizo si ukorofi. Fasihi ya Kiswahili imejaa wakorofi tunaowapenda, toka Sungura na Abunuwasi hadi Mwajuma wa *Vuta n'kuvute*. Tatizo ni kwamba mwandishi amemvika mhusika wake ukali kama koti, ndani hamna mtu. Na akishtuka kwamba msomaji hampendi, anakimbilia dawa mbaya zaidi: anamwongezea "moyo wa huruma uliojificha". Mkorofi hapendwi kwa wema uliofichwa. Hupendwa akieleweka: tukijua anataka nini, tukiona mpaka ambao hauvuki, na tukimshuhudia akilipia kila analolifanya.

Ili tusizungumze hewani, tutamjenga mmoja tangu mwanzo. Anaitwa Sikudhani, anakaa Buguruni, Dar es Salaam, na anakopesha akina mama wenye biashara ndogondogo. Ni ile mikopo ambayo mtaani huitwa kausha damu: unachukua laki moja leo, unarudisha elfu tano kila siku kwa siku 26. Ukikosa rejesho, anachukua kitu.

1. Anza na anachokitaka

Kabla hujaandika sura yake, mavazi yake wala ulimi wake, andika sentensi moja: anataka nini, na kwa nini sasa? "Anataka pesa" haitoshi, maana hata msomaji anataka pesa. Sikudhani anataka kiwanja Chanika, chenye jina lake kwenye karatasi, na mwenye kiwanja amempa hadi mwisho wa mwezi kabla hajamuuzia mtu mwingine. Sasa kila elfu tano anayoidai ina uzito. Akigonga mlango wa mtu saa moja asubuhi, tunajua anakimbizana na nini, hata kama tunamhurumia aliyegongewa.

Lengo likishakuwa dogo na la kushikika, ukali unapata kazi. Mtu hafoki kwa sababu mwandishi alimwandikia "mwenye hasira" kwenye orodha ya wasifu. Anafoka kwa sababu kuna kitu kinamponyoka.

Neno moja kuhusu jina. Shaaban Robert aliwaita ndugu wa Adili majina ya Hasidi na Mwivu, na katika hadithi ya maadili kama *Adili na Nduguze* hilo lina nafasi yake: msomaji anaambiwa mapema asimame upande gani. Lakini angalia kinachotushika katika kitabu hichohicho. Adili mwenyewe, liwali mwenye jina la uadilifu, kila usiku huwachapa manyani wawili, na hatuwezi kukiweka kitabu chini mpaka tujue sababu. Kitendo kinachopingana na jina ndicho kinachotuvuta. Kwa hiyo mkorofi wako usimwite Jeuri wala Katili. Mpe jina ambalo mama yake angempa.

2. Mpe kazi anayoijua

Wasomaji huwasamehe mengi watu wanaojua kazi yao. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya 1960, anatushika na kiko chake mdomoni kwa sababu anaona wasichokiona wengine. Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa, ana maneno ya dharau, lakini tunamfuata kwa kuwa akili yake iko hatua moja mbele ya maadui. Dharau bila ustadi inachosha.

Ustadi si lazima uwe wa bunduki au upelelezi. Sikudhani hana daftari. Wadaiwa wake wote, tarehe za kila mmoja na marejesho ya kila mmoja yamo kichwani, na hakosei hata shilingi mia. Onyesha hilo mara moja, kwa kitendo, usilieleze. Ukiandika "alikuwa hodari wa hesabu" umepoteza wino. Mwache aitaje hesabu mbele ya mdaiwa, msomaji aipige mwenyewe na kukuta ni sahihi.

3. Mwekee mpaka, halafu mfikishe hapo

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo tutakaa. Mkorofi asiye na mpaka ni jini. Mwenye mpaka ni mtu, hata kama mpaka wenyewe ni wa ajabu na umewekwa mahali ambapo mimi na wewe tusingeuweka. Lakini usiutangaze. Upeleke kwenye tukio.

Tuseme Sikudhani anakwenda kudai kwa Mama Asha. Rasimu ya kwanza huwa hivi:

*Sikudhani alikuwa mwanamke katili asiyejua huruma. Aliingia kwa kishindo, akamporomoshea Mama Asha matusi ya nguoni, akampiga teke kuku aliyekuwa mlangoni. Lakini moyoni mwake alikuwa na maumivu makubwa ambayo hakuna aliyeyajua.*

Tumeambiwa mambo mawili, ukatili na maumivu, na hatujaona hata moja. Kuku naye kaonewa bure. Sasa tuandike upya, tukijua anachokitaka, anachokijua na mpaka wake:

*Sikudhani hakupiga hodi. Alimkuta Mama Asha amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, sufuria ya maharage inatokota.*

*"Shikamoo, dada Siku."*

*"Marahaba. Umelipa siku kumi na saba. Elfu themanini na tano. Imebaki arobaini na tano."*

*"Naomba univumilie mpaka Ijumaa. Baba Asha hajalipwa."*

*"Baba Asha sikumkopesha."*

*Alitupa macho chumba kizima: kitanda, ndoo mbili, redio iliyofungwa kwa mpira. Watoto watatu walikuwa wamekaa kitandani, miguu inaning'inia. Macho yakarudi jikoni.*

*"Sufuria ulinunua wapi?"*

*"Nilitunzwa. Siku ya harusi."*

*"Lete beseni."*

*Mama Asha akaleta. Sikudhani alichota punje moja, akaipuliza, akaitafuna. Akaepua sufuria kwa pindo la khanga, akamimina maharage taratibu kwenye beseni, akakung'uta mpaka punje ya mwisho.*

*"Yameiva," alisema. "Ongeza chumvi."*

*Akaisuuza sufuria kwa maji ya ndoo, akaitia kwapani, akatoka.*

Angalia kilichotokea. Kachukua chombo pekee cha kupikia mbele ya watoto, na hilo ni baya. Lakini kaonja kwanza kama maharage yameiva. Sufuria inalipia deni, chakula cha watoto si mali yake, na hatakigusa. Mpaka wake ni huo, na hautoshi kumfanya mwema, kwa sababu kesho watoto haohao watapikiwa kwenye chombo gani? Msomaji anabaki anagombana na nafsi yake: anamchukia, anataka kujua mtu wa namna gani anaonja maharage ya mdaiwa wake, na anafungua ukurasa unaofuata. Neno "moyo" halijatajwa.

Zoezi: mwandikie mkorofi wako jambo moja ambalo hatalifanya hata akipewa fedha. Lisiwe kubwa mno. "Hawezi kuua mtoto" ni mpaka wa kila mtu. "Hanywi chai nyumbani kwa mtu anayemdai" ni wa mtu mmoja.

4. Tazama anayeumizwa

Sungura wa hadithi zetu ni mwongo, mwizi na mvivu, na watoto wanamshangilia. Wanamshangilia kwa sababu mara nyingi anayetapeliwa ni Simba au Fisi, mwenye nguvu au mwenye tamaa. Abunuwasi naye humchezea sultani na tajiri. Ukorofi unaopanda juu huburudisha, unaoshuka chini huumiza. Hii haina maana kwamba mhusika wako asimguse mnyonge kamwe. Ina maana kwamba akimgusa, hesabu ibadilike: msomaji aone kilichompata mnyonge, na simulizi isicheke.

Njia nyingine ni kumpa mkorofi mtu mmoja anayemtendea tofauti, bila faida. Katika *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, Mwajuma ni mwanamke wa starehe, anayependa ngoma na ulevi, ambaye majirani wenye staha wangemnyooshea kidole. Lakini msichana Yasmin anapomkimbia mume mzee ambaye aliozwa kwake, na ndugu zake wa damu wakamfungia mlango, ni Mwajuma anayempokea. Hampokei kwa hotuba. Anampa pa kulala na kumtambulisha kwa dunia yake. Baada ya hapo Mwajuma anaweza kulewa atakavyo, tumeshakuwa upande wake. Zingatia pia kwamba Shafi hakumgeuza kuwa mcha Mungu ili astahili kupendwa.

5. Chanzo kieleze, kisitetee

Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Rosa Mistika* mwaka 1971, kitabu kilizuiwa shuleni kwa sababu ya mambo ya ngono. Lakini kama somo la ufundi hakijapitwa na wakati. Kabla Rosa hajaanza kuwavulia wanaume, tumeshamwona Zakaria, baba mlevi, anavyomtia adabu binti yake kwa ukali hadi kumfungia dunia. Msichana anapotoka nje ya ukali ule, hana kinga ya kujiongoza. Kezilahabi anaweka sababu mbele ya tendo, halafu anaacha tendo lilete matokeo yake yote. Hasemi "basi tumsamehe". Anasema "ilitoka huku".

Siku hizi kila muuaji wa filamu ana utoto wa mateso, na msomaji amechoka kuoneshwa kovu. Kwa hiyo toa chanzo kwa kipimo, na ukitoe kwa kuchelewa. Sikudhani alifukuzwa na ndugu wa marehemu mume wake, akatoka na godoro moja. Usiliandike hilo sura ya kwanza. Mwache msomaji akae na ile sufuria kwa muda mrefu bila maelezo. Kitabu kikishapita katikati, mlete shemeji yake, yule aliyebadilisha kufuli la nyumba, sasa biashara imemwendea kombo na anataka laki tatu. Kila msomaji anategemea kisasi. Sikudhani anamkopesha kwa riba ileile anayowatoza wote, senti haongezi, senti hapunguzi. Kwa tukio hilo tumeujua mkasa wa zamani, tumeuona mpaka wake tena, na tumegundua kwamba haki anayoiamini ni hesabu, kwa sababu watu walishamdhulumu na hesabu haijawahi.

6. Ulimi: kijembe kina makali kuliko tusi

Waandishi wengi hudhani ukali wa mhusika hupimwa kwa matusi. Tusi hupiga mara moja, likirudiwa hufa. Sisi tuna silaha bora zaidi: fumbo, kijembe, mpasho, maneno ya kwenye khanga, na ule ukimya wa mtu anayejifanya hakukusikia. Mkorofi wa Kiswahili anaweza kumvua mtu nguo hadharani huku akimwita "mpenzi". Rudi kwenye tukio la Sikudhani: "Baba Asha sikumkopesha" ni maneno matatu, hayana tusi hata moja, na yamefunga mjadala.

Tusi likihitajika kweli, una njia tatu. Liandike, ikiwa kitabu chako ni cha watu wazima na mchapishaji amekubali. Likatishe katikati. Au andika lililowapata waliolisikia: "Akamwambia neno lililowafanya wazee wawili waliokuwa wakicheza bao waache kete hewani." Njia hii ya tatu huwa na nguvu zaidi, maana msomaji hujaza tusi baya kuliko lolote unalolijua wewe. Na kama unaota kitabu chako kisomwe shuleni, kumbuka Mwajuma: *Vuta n'kuvute* imesomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita Tanzania, na yeye yumo ndani na starehe zake.

Lugha ya mtaani itumie kwa kujizuia. Misimu huzeeka upesi, na kijana wa Nairobi atacheka zaidi Sheng ya miaka kumi iliyopita kuliko atakavyocheka mzaha wenyewe. Chagua maneno mawili matatu yaliyoshika mizizi, mengine yabebwe na mwendo wa sentensi. Na mkorofi wa Mombasa asiongee kama wa Buguruni. Akiomba radhi, akisalimia, akitishia, kila mji una njia yake, na msomaji wa huko atakukamata kwa salamu tu.

Heshima nayo ni chombo. Mama Asha anatoa shikamoo na Sikudhani anaipokea. Huyu mwanamke anafuata adabu ya salamu huku anakuja kuchukua sufuria, na jambo hilo linatisha zaidi kuliko kishindo. Mkorofi anayeijua adabu na kuitumia ni hatari na anavutia kwa wakati mmoja.

7. Mlipishe

Mkorofi asiyelipa hubaki kuwa ndoto ya mwandishi. Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974), riwaya nyingine ya Kezilahabi, ana majivuno ya msomi na dharau kwa watu wa kijijini kwake. Anapanga kumlipizia kisasi Manase, aliyemharibu dada yake, kwa kumharibu dada wa Manase, Sabina, kisha anampenda msichana yuleyule na kumwoa. Anatusimulia yote kwa mdomo wake mwenyewe bila kujipendekeza, na mwisho wake ni kujiua. Hatukubaliani naye, lakini hatuwezi kumkimbia, kwa sababu hajifichi wala hasamehewi.

Malipo si lazima yawe kifo wala jela. Katika *Kidagaa Kimemwozea* (2012) ya Ken Walibora, Mwalimu Majisifu ni mlevi aliyemwibia kijana Amani mswada na kuuchapisha kwa jina lake. Kinachomtafuna ni kujua kwamba sifa alizonazo si zake. Ukimlinganisha na ndugu yake, Mtemi Nasaba Bora, utaona ni rahisi zaidi kukaa chumba kimoja na Majisifu. Aibu inamfanya awe mtu.

Kwa Sikudhani, malipo yanakuja kwa njia ya mtaa. Kikoba cha jirani hakimpokei. Watoto wakimwona wanaingia ndani. Siku anapofiwa na mama yake, turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, na mikeka haijai. Wanaokuja wanakuja kwa sababu wanadaiwa. Yeye anawahesabu, kwa kuwa hawezi kuacha kuhesabu, na safari hii hesabu ndiyo inayomuumiza.

8. Usimtakase

Ukifika karibu na mwisho utashikwa na hamu ya kumwokoa. Utataka Sikudhani amrudishie Mama Asha sufuria, walie, wakumbatiane. Usiirudishe. Mwisho huo unamwambia msomaji kwamba kurasa zote zilizopita zilikuwa mzaha, kwamba mtu uliyemjenga alikuwa mwingine. Sikudhani anaiuza sufuria elfu tisa, na kesho yake anapita kwa Mama Asha kumwambia kwamba deni sasa ni elfu thelathini na sita. Hajamuibia hata shilingi. Huyo ndiye yuleyule tuliyeanza naye.

Mabadiliko yanaruhusiwa, ila yawe madogo, yatoke kwenye kitu ambacho mhusika tayari anacho, na yamgharimu. Ikiwa Sikudhani atabadilika, labda baada ya msiba atamwongezea mdaiwa mmoja siku tatu bila riba, na kwa ajili ya siku hizo tatu atapitwa na kiwanja. Kwa mtu mwingine siku tatu si kitu. Kwake ni mapinduzi, na msomaji aliyemfuata tangu mwanzo atajua.

Kabla hujapeleka mswada

Mchukue mkorofi wako umpitishe kwenye maswali haya. Ukikosa jibu la lolote, rudi kazini.

- Anataka kitu gani cha kushikika, na muda wake unaisha lini?
- Anajua kufanya nini kuliko watu wengine wote waliomo kitabuni, na tumemwona akikifanya?
- Jambo gani hatalifanya, na kuna tukio linalomfikisha hapo?
- Anapomuumiza mnyonge, simulizi inamtazama nani?
- Nani anatendewa naye vizuri bila faida yoyote?
- Chanzo cha ukali wake kimetajwa ukurasa wa ngapi? Kama ni kabla ya theluthi ya kwanza, jaribu kukisogeza mbele.
- Ukifuta matusi yote, bado ni mkali?
- Amepoteza nini ambacho hakitarudi?

Halafu mpe mtu asome sura mbili tu, mtu asiyekuogopa. Usimuulize kama amempenda mhusika, maana atakujibu kwa adabu. Muulize anadhani mhusika huyo atafanya nini kesho asubuhi. Akikujibu harakaharaka, tena kwa kubishana nawe, mhusika ameshasimama kwa miguu yake. Akisita na kusema "labda atampiga mtu", bado una koti tupu, na kazi inaanzia namba moja.